Shangazi na Neno la Siri

Watoto wote wa shule ile humwita Shangazi, hata wale ambao mama zao wamemzidi umri. Kazi yake ni kutunza chumba cha kompyuta: hupangusa vumbi, hubembeleza madirisha yaliyogoma kufunguka, na huwafundisha wadogo kuingia mtandaoni bila kuingia mtegoni. Jioni, badala ya kwenda kujinyoosha kama watu wenye huruma na miguu yao, hupita nyumba hadi nyumba akiwasaidia wazazi kuweka simu za watoto sawa. Akiulizwa analipwa nini, husema anapunga upepo tu.

Siku moja upepo ukampeleka saluni, kwa msusi mmoja mwenye binti wa miaka kumi.

"Shangazi, umekuja kusuka au kutukagua?" msusi akamuuliza, kitana kikiwa mdomoni.

"Nisuke nini, mwanangu? Nywele zenyewe zilishaniaga."

Mteja aliyekuwa kitini akacheka mpaka akajivuta nywele. Binti peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda, nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, na Shangazi alipomkaribia, aliilaza simu kifudifudi mapajani.

Shangazi hakuuliza kilichofichwa. Aliketi sakafuni, katikati ya mabaki ya nywele bandia, akaomba afundishwe ule mchezo wa kujenga nyumba ambao watoto huucheza simuni. Akajenga nyumba isiyo na mlango. Binti akamwonea huruma, akamsaidia, na mkono ulipozoea, mdomo nao ukalegea.

"Nina rafiki humu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini siwezi kukuambia. Tuna neno la siri."

"Nani kakwambia usiseme?"

"Wewe."

Shangazi akaacha kujenga.

"Ulitufundisha darasani. Neno la siri haambiwi mtu, hata akubembeleze vipi. Na rafiki naye akasema hivyo hivyo, hili ni neno letu la siri, mama asijue. Nikaona huyu kafundishwa vizuri."

Kidogo kidogo yakatoka. Rafiki alidai ni msichana wa rika lake. Alitaka picha ya mlango wa nyumbani, na saa ambazo mama huwa hayupo, ili amletee zawadi. Picha ilikwisha kupigwa. Ilibaki kutumwa tu.

Msusi akaacha kichwa cha mteja nusu. "Lete hiyo simu niitumbukize kwenye ndoo."

"Ukiitumbukiza, siku nyingine atakuficha," Shangazi akasema taratibu. "Tena maneno ya huyo mtu tunayataka, tuwapelekee polisi. Msifute kitu." Akamgeukia binti. "Hukukosea, mama. Mimi ndiye niliyekufundisha nusu. Nilikuwa nasema lile neno la kufungulia simu. Mtu akikwambia mama asijue, hilo ni la kumwambia mama leo hii."

"Hutanichapa?" binti akamuuliza mama yake.

Msusi alikuwa amekikaba kitana kama shingo ya adui. Akakiweka chini, akamvuta mwanawe kifuani na mikono ile ile yenye mafuta. Wakaenda kituoni wote, pamoja na mteja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akidai kwamba naye ni shahidi.

Kesho yake Shangazi akaomba kusema na watoto mstarini.

"Utawaambia wote kwamba ulikosea?" mwalimu mkuu akamuuliza. "Watakudharau."

"Wanidharau, mwalimu. Ila wasije wakanitii vibaya tena."

Akasimama mbele yao, akaeleza kosa lake bila kulipamba. Akasema tangu leo lile neno la kufungulia simu wataliita ufunguo, na ufunguo hata rafiki hapewi. Lakini siri ya kumficha mama, baba au mwalimu haina heshima yoyote, waitoe. Hakumtaja binti.

Kengele ikalia, watoto wakatimkia madarasani. Mmoja wa darasa la nne akabaki, anakanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe.

"Shangazi. Na kama picha ilishatumwa?"

Shangazi akainama, akamfunga ile kamba vizuri. Kisha akamshika mkono, wakaenda chumba cha kompyuta, na wale waliokuwa na kipindi humo asubuhi ile wakaambiwa wakacheze kwanza.