Alama ya Shangazi Kaja

Mama hakuziamini alama za karatasi zinazobandikwa kwenye mizigo. "Mvua moja tu, jina lako limekwenda na maji," alikuwa akisema. Yeye alikata kipande cha kitambaa chenye rangi kali, akakishona kwenye mkono wa begi kwa uzi wa nyavu, ule wanaoutumia wavuvi wetu wa Ujiji. Kwake, alama ilipaswa kuonekana kwa mbali na kudumu kuliko begi lenyewe.

Alipofariki, wanawake wa ukoo tulishona sare ya kitenge cha njano chenye maua mekundu. Tulipoanua tanga, nikaona hakuna alama bora ya mzigo wangu kuliko kipande kilichobaki kwenye sare ile. Kwa njano ile, hata kipofu angeuona. Nikakishona kwa uzi wa nyavu, kama nilivyofundishwa. Kumbe nyumba nzima iliwaza hivyo hivyo. Mama alitufundisha wote.

Nayo mizigo yetu ilikuwa yale mabegi ya miraba tunayoyaita shangazi kaja, hayana tofauti hata chembe. Asubuhi yakapangwa barazani, yote na alama ya njano. Shangazi alikuja, na shangazi akaondoka na langu hadi kwake Kidahwe. Mimi nikapanda basi na lake. Nilipofika Dodoma nikalifungua, nikakuta dagaa na chupa ya mawese. Ningecheka, kama si kile kilichokuwa ndani ya langu.

Humo mlikuwa na khanga aliyojifunga mama wiki yake ya mwisho. Sikuifua kwa makusudi. Ilikuwa na harufu yake: moshi wa kuni, mawese, na dawa ya kuchua aliyojipaka magotini. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakaza fundo harufu isitoke. Ndugu waligawana vyombo na godoro, nikawaachia. Mimi nilitaka khanga ile tu.

Nilimpigia shangazi simu, nikamwomba anitumie begi kwa basi. Habari ya khanga sikumweleza. Ningeanzaje, mtu mzima, kusema nalilia harufu?

Begi lilifika salama. Alama ya mama haikulegea hata uzi mmoja. Khanga ilikuwa juu kabisa, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Nikaitia pua upande huu, nikageuza upande ule. Sabuni tupu.

Jioni shangazi akapiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Begi umelipata?"

"Nimelipata. Asante."

"Ile khanga ya mama yako niliikuta chafu, imefungwa kwenye nailoni. Nikasema, maskini, msiba umemchosha mtoto, hata kufua hakuwahi. Nimekufulia mara mbili, mpaka ikatakata."

Alisema kwa upendo, nami nilijua. Nikamshukuru tena, nikakata simu, nikalia kuliko nilivyolia siku tuliyomzika.