Mkalimani wa Sinema ya Jumamosi

Juzi mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu yake ile sinema ya zamani ya vijana wawili wapenda santuri, wanaopendana, wanakosana, halafu wanarudiana. Tuliitazama hadi mwisho, naye akacheka sana. Mimi nilicheka kidogo tu. Hebu niambie, rafiki yangu, sinema gani hiyo isiyo na mtu wa kuitia chumvi?

Miaka ya hamsini tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, chumba kimoja, mimi, nyanya na shangazi. Zilikuwa siku za kafyu, usiku hakuna kutoka nje, kwa hivyo sinema ilionyeshwa Jumamosi mchana katika holi ya wafanyakazi. Madirisha yalizibwa kwa blanketi zetu wenyewe, na ndani kulinuka jasho, mafuta ya nywele na njugu karanga. Filamu zilikuwa chache, na hiyo ya santuri ilirudiwa mpaka watoto tukaijua yote. Lakini haikutuchosha hata siku moja, kwa sababu ya mkalimani.

Huyu alikuwa karani wa stoo, kijana mrefu aliyependa kung'arisha viatu. Alisimama kando ya shuka la picha akitufasiria kwa Kiswahili, na Kiingereza chake, Mungu anisamehe, kilikuwa cha kuombea maji. Kilichompita alikitunga. Yule dada wa Kizungu akifungua mdomo tu, mkalimani alimfanya alalamikie foleni ya mfereji na majirani wasiorudisha ungo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Shangazi peke yake hakucheka. Mpiga gitaa aliyemchumbia alikuwa ameenda Nairobi akaoa huko. Tangu hapo santuri za shangazi zilikaa chini ya kitanda, na yeye, aliyezoea kuimba tangu kuwasha jiko hadi kupiga pasi, akanyamaza kabisa. Nyanya aliogopa sana. Alikuwa akisema moyo si sufuria, ukitoboka huupeleki kwa fundi. Ndiye aliyemsukuma aende sinema, na mimi nikatumwa kumsindikiza.

Mkalimani alimwona akilia pale wapenzi wanapoachana. Jumamosi iliyofuata yule dada wa sinema alimkaripia mpenzi wake kweli kweli, akamwambia hata gitaa lake lilikuwa linadanganya, na kina mama wakapiga vigelegele. Shangazi akatabasamu. Baada ya hapo kila Ijumaa alipiga pasi rinda lake la maua, na nyanya akajifanya haoni.

Ikafika Jumamosi moja. Kwenye shuka, mwanamume amesimama mlangoni kwa yule dada, kofia mkononi. Mkalimani akasema polepole, "Anasema hivi: si mimi niliyekuumiza, lakini niko tayari kungoja mpaka upone." Yule dada akajibu kwa Kiingereza, na mkalimani kimya. Watu wakamuuliza, anasemaje? Akasema jibu hilo si lake kulitunga.

Shangazi akasimama katikati ya mabenchi.

"Mwambie asisimame mlangoni," akasema. "Aje aseme mbele ya mama."

Holi nzima ilipiga makofi, filamu ikaendelea bila mtu kuitazama. Mkalimani alikuja na wazee wake, na majani chai na sukari, kama inavyotakiwa. Wiki hiyo shangazi alivuta santuri kutoka chini ya kitanda akazipangusa vumbi, na nyumba yetu ikapata kelele zake tena.

Siku hizi holi ile ni ghala. Mkalimani tulishamzika, na kila mtu anatazama sinema yake peke yake, nyaya masikioni. Lakini waliishi vizuri wale wawili, hilo nalisema bila kusita. Shangazi alipokuwa mzee nilimuuliza alijuaje kwamba maneno yale yalikuwa ya mkalimani mwenyewe, wala si ya sinema.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nilisomea misheni, mtoto wangu. Kiingereza nilikisikia chote. Yule Mzungu mlangoni alikuwa amekuja kuchukua mwavuli wake."