Nilimcheka Aliyeuliza, Akaogopa Kuuliza Tena

Nimekosa, na kosa langu ni la mdomo, ingawa sikulitamka bali nililichapa. Naandika bila jina kwa sababu mama yangu husoma ukurasa huu, na yeye amekwisha kunisema vya kutosha.

Lakini kabla hujaniandalia mahubiri, nisikilize. Sikuja hapa kuomba radhi kwa kufuga nyoka. Nimeambiwa nina jini. Nimeambiwa sitaolewa. Mchungaji mmoja wa Ukunda amenitolea mfano kanisani, na ustadhi wa kwetu Msambweni amemwambia baba anichunge. Hao wawili hawajapata kukubaliana juu ya jambo jingine lolote. Mimi nilisomea wanyama chuo kikuu, nikarudi nyumbani, nikapata kazi katika bustani ndogo ya nyoka huko Diani, pale watalii wanapokuja kupigwa picha na chatu shingoni. Kazi naipenda. Hilo halimo katika ungamo langu.

Lililomo ni hili.

Tajiri wangu ana kompyuta iliyoungwa na waya wa simu. Kupitia kompyuta hiyo tulikuwa tunaandikiana na wafugaji wengine wa nyoka, wa hapa Kenya na wachache wa Tanzania. Ukiandika barua moja inawafikia wote. Mtu anauliza, wenye ujuzi wanajibu. Tajiri hana subira ya kuchapa, kwa hivyo kujibu aliniachia mimi.

Nilitia sahihi kwa herufi moja tu na jina la bustani. Hakuna aliyejua kwamba ni msichana wa miaka ishirini na minne. Nilijibu kama mzee mkali, na nikapendwa kwa hilo. Wengine walifungua barua zangu ili waone leo nimemchuna nani.

Baada ya zile mvua za Elnino, nyoka walipokuwa wanaingia mpaka majumbani, ikaja barua ya mtu mgeni. Alisema anafanya kazi katika hoteli moja ya Diani, ametoka bara, na amemwokota nyoka mdogo wa kahawia stoo, wa aina isiyo na sumu. Wenzake walitaka kumponda, yeye akamtia katika sanduku la kioo. Sasa macho ya nyoka yamekuwa meupe kama maziwa na chakula hataki. "Nadhani amepofuka," aliandika. "Nampaka mafuta ya nazi machoni kwa pamba, asubuhi na jioni. Tafadhali, nifanye nini zaidi?"

Aliyefuga nyoka hata miezi miwili anajua jambo hili. Nyoka akikaribia kuvua gamba, macho hufunga ukungu. Siku chache baadaye gamba linatoka na macho yanang'aa upya. Mwache, mwekee bakuli la maji, usimshike. Basi. Ni jibu la mistari miwili.

Mimi niliandika ukurasa mzima.

"Ndugu Mafuta ya Nazi," nilianza. "Ukishamaliza macho, msuke nywele na umtie hina, nasi tumtafutie mchumba. Nyoka wako anavua gamba. Mwache na umwekee maji. Watoto wa shule ya msingi wanalijua hilo. Kama wewe hulijui, fuga kuku, na hao kuku pia nawahurumia." Maneno yaliyobaki siyarudii. Yalikuwa ya namna hiyohiyo.

Watu walicheka wiki nzima. Mama mmoja wa Arusha pekee ndiye aliyeandika, "Lakini mwenzetu alikuwa anaomba msaada." Nikamjibu kwamba nyoka hahitaji upole wetu, anahitaji ukweli. Maneno hayo nusu yake ninayaamini hadi leo.

Yule mgeni aliandika mstari mmoja: "Ahsante, nimeelewa." Hatukumsikia tena.

Ikapita miezi kadhaa. Asubuhi moja dereva wa hospitali alikuja kwetu na kopo la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na nyoka aliyekufa, kichwa kimepondwa. Daktari anataka kujua ni nyoka gani, alisema, maana mgonjwa anasema ni chatu.

Hakuwa chatu. Mnene, mfupi, mgongoni ana alama kama ncha za mishale zilizofuatana. Alikuwa bafe, na sumu ya bafe huozesha nyama. Niliandika jina kwenye karatasi, na badala ya kumpa dereva nikapanda gari niende mwenyewe. Nitasema kwa nini. Nilitaka kumwona mtu anayeweza kumchanganya bafe na chatu. Nilikwenda ili nikirudi nipate la kuchekesha kuandika.

Nilimkuta mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, mkono wa kulia umevimba hadi begani, mkewe anampepea kwa kipande cha katoni. Nitamwita Baba Neema.

"Poleni," nikasema. "Natoka kule bustani ya nyoka."

Akanigeuzia uso. "Wewe ndiye unajibu zile barua za kompyuta?"

"Ni mimi."

"Mimi nilifikiri ni mzee wa ndevu." Akajaribu kuketi, akashindwa. "Mimi ndiye Mafuta ya Nazi."

Mkewe akaacha kupepea. "Ni huyu? Huyu mtoto?"

"Mama Neema, wacha."

"Siachi. Nataka nimwone vizuri."

Baba Neema ni mchonga matunda. Kama umewahi kuingia hoteli kubwa ukaona tikiti maji limegeuzwa bata, au papai limefunguka kama waridi, kuna mtu kama yeye nyuma yake, na kisu chembamba na vidole visivyotetemeka. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa Kakamega. Ndiyo inayowalisha.

Alinieleza bila hasira. Yule nyoka wa kwanza alivua gamba kama nilivyosema, macho yakapona, naye akampenda. Ndipo akaja mtu mmoja kutoka upande wa Kinango, na nyoka wa kuuza ndani ya gunia, akasimama kwenye lango la nyuma la hoteli. Alikuwa amesikia kuna mpishi anayefuga nyoka.

"Nikamwuliza, huyu ni chatu? Akaniambia, hapana bwana, huyu ni moma. Nikafikiri moma ndilo jina lenu la pwani, la chatu akiwa mdogo. Mimi kwetu sijawahi kulisikia. Nikamnunua."

Yule muuzaji hakudanganya. Moma ndiye bafe, ni nyoka yuleyule mwenye majina mawili, na hapa Kwale hakuna asiyejua. Alimwambia mtu wa bara jina la kifo naye akalisikia kama jina la kipenzi.

"Kwa nini hukuuliza?" nikasema. "Ungeandika tu, moma ni nyoka gani. Ningekujibu papo hapo."

Mama Neema akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa chema. "Akuulize wewe?"

Kompyuta Baba Neema haijui. Barua yake ilichapwa na karani wa ofisi ya hoteli, na jibu langu lilipokuja yule karani alilisoma kwa sauti, kwa sababu lilichekesha. Mpishi mkuu alikuwa mlangoni. Kufikia chakula cha mchana jiko zima lilikuwa nalo. Toka siku hiyo hakuitwa tena kwa jina lake. "Mafuta ya Nazi, lete nanasi!" Wahudumu walimwita hivyo mbele ya wageni, na wageni nao wakajifunza.

"Swali nililiandika," alisema. "Kwa karatasi. Nikakaa nalo mfukoni siku nne. Kila nikifika kwa mlango wa ofisi narudi. Nikimwambia yule dada anichapie tena mambo ya nyoka, jikoni nitaishi na nani?"

Siku ya tano aliingiza mkono sandukuni kubadilisha maji.

Unajua nilimjibu nini? Nasema haya ili ujue ninaungama kweli. Nilimwambia, "Lakini nilichokuandikia kilikuwa sahihi."

"Kilikuwa sahihi, dada. Nani amekataa? Mimi nasema tu sikuweza kurudi."

Walimkata vidole viwili, shahada na cha kati. Mkono wa kisu. Hoteli ilimweka mtu mwingine kwenye meza ya matunda, na yeye wakampeleka kuosha sufuria, mpaka waone.

Mama yangu aliposikia hakupandisha sauti. "Wewe hukuzaliwa unajua kwamba nyoka huvua gamba," alisema. "Ulipokuwa hujui, ni nani alikucheka?"

Nilitafuta sana mtu wa kumtaja. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimletea mwalimu mjusi asiye na miguu, nikiwa nimeandika kwenye chupa, nyoka. Mwalimu alisema, "Mtazame kope." Hakuongeza neno. Nyoka hana kope, na mimi sijasahau.

Nikawaandikia wafugaji wote habari hii. Nikasema ni mimi, na ni msichana, na jina langu kamili ni hili. Wengine walinitetea: kosa ni la muuzaji, kosa ni la karani, kosa ni la mwenyewe kutia mkono. Nimeipima sehemu ya kila mmoja katika lawama, na bado yangu haipungui.

Wengine wakataka nigeuke. Nianze kila jibu kwa "rafiki mpendwa". Mtu akimuua nyoka wake kwa uzembe nimwambie amejitahidi. Hilo nimelikataa na ninalikataa hapa. Nyoka aliyewekwa juani bila kivuli anakufa, hata ushauri uwe mtamu vipi. Nikiona upuuzi nitauita upuuzi. Ila sasa nauita hivyo upuuzi wenyewe, si mtu, na jibu natanguliza. Kisha namaliza kwa kumwambia aandike tena kesho anieleze kumekuwaje. Neno hilo halinigharimu kitu. Wala halikuwa linanigharimu kitu wakati ule, na hilo ndilo linaloniuma.

Kila Jumapili mimi huenda kwa Baba Neema. Nilitarajia Mama Neema atanifungia mlango. Yeye hunipa chai, ila hanisemeshi. Mume anajifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto. Jumapili iliyopita aliniwekea papai mbele.

"Hii ni nini?"

"Ni bata," nikasema.

"Ni waridi."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ni zuri, na mkewe alikuwa ananitazama kuona kama nitamwambia.

"Sasa niambie ni wapi halifanani," akasema. "Mpishi mkuu ananijaribu Ijumaa, na hapa nyumbani kila mtu ananisifu."

Nikavuta kiti. Nikamwonyesha jani la kwanza la waridi, kwamba amelikata nene na ndiyo sababu halikunjiki. Akalikata upya. Nikamwonyesha la pili.

Basi wewe unayejua jambo, la nyoka au la kitu kingine chochote, akija mtu na swali la kijinga mjibu kwanza. Ukishindwa kujizuia, nenda kamcheke peke yako, mahali ambapo karani hawezi kusoma. Na wewe uliyewahi kuchekwa, ninakuomba hata kama huna sababu ya kunisikiliza: rudi uulize. Nikikujibu vibaya nitukane mbele ya watu, nimestahili. Lakini usiingize mkono kabla hujajibiwa.