Foleni ya Ongeza

Kugombana sipendi, ila nilizaliwa na mdomo. Asubuhi ile nilibishana na karani wa ofisi ya wastaafu hadi mlinzi akaja kuchungulia mlangoni.

"Mama, utaratibu ni utaratibu," karani alisema. "Marehemu alikuwa askari wa kawaida, tena mpishi, na faili lake halionekani. Nileteeni watu watatu waliotumikia naye, waweke sahihi mbele yangu, nitoe bendera. Bila hivyo atazikwa kama raia yeyote."

"Raia yeyote ndiye aliyewapikia wanajeshi miaka kumi na tisa?"

"Mashahidi watatu, mama."

Nilitoka nimefura. Mimi ni sajini mstaafu, nilikuwa mwalimu wa gwaride. Siku hizi nashona sare za shule. Nina wenzangu sita: mlinzi wa benki, fundi bomba, madereva wawili wa lori na mapacha wenye duka la vipuri. Tunajitolea kuwazika askari wa zamani waliosahauliwa. Tuna tarumbeta moja iliyobonyea, glavu nyeupe, na kati ya magoti yao kumi na mawili, mazima hayafiki matano.

Safari hii aliyetuita alikuwa binti wa marehemu, muuguzi, mtoto wa pekee. Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Alipotoka jeshini alipika kwenye shule ya bweni, akirudi anapiga pasi shati lake mwenyewe, analala. Vita hakuwahi kuvisimulia. Aliyemsimulia ni baba mdogo wa binti, tena kwa kejeli: "Kaka yangu alipigana na vitunguu!" Watu wakicheka, mzee naye anacheka, kisha anainuka kuondoa sahani mezani.

"Mara moja tu aliniambia," binti alinieleza. "'Mwanangu, mimi nilikuwa askari. Siku yangu ikifika, wasiniite mpishi wa askari.' Shangazi, nikishindwa hata hili, nitaishi nalo vipi?"

Nikamwambia hutashindwa. Maneno matupu, maana ilikuwa Jumatano na mazishi ni Jumamosi.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Kwenye kundi letu la simu la wastaafu, watu mia nne na ushee, niliandika namba yake ya jeshi, cheo, na majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kimya. Alhamisi, kimya. Mmoja aliandika "poleni", mwingine akatangaza pikipiki anayouza. Nilimtukana, nikafuta, nikamtukana upya kwa adabu.

Ijumaa mchana nilikwenda kwa binti kumwambia ukweli. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo vya baba yake, na baba mdogo amekaa pembeni.

"Tuzike kimya kimya," baba mdogo alisema. "Gwaride la mpishi! Mnataka watu watucheke?"

Nilishafungua mdomo kumpa vidonge vyake, ndipo nikaona mwiko umening'inizwa ukutani. Ulikuwa mrefu kama mkono wangu, na mpini wake umechomwa herufi kwa chuma cha moto: *Kwa Ongeza, kutoka Kombania ya Tatu. Hatukufa njaa.*

"Ongeza ndiye nani?"

"Hata sijui," binti alisema. "Huo mwiko haujawahi kupikia. Mama mwenyewe alikatazwa kuugusa."

Jamani! Nilitaka kujizaba kofi. Miaka ishirini na miwili jeshini, nikasahau kwamba mpishi hajulikani kwa namba, hujulikana kwa jina la utani. Nani huuliza namba ya mtu anayempakulia? Pale pale nikaandika upya: "Ongeza wa Kombania ya Tatu amefariki. Tunamzika kesho saa nane," na mahali.

Simu ilianza kutetemeka kabla sijaiweka mezani. Ongeza huyu huyu aliyevuka mto na sufuria mgongoni huku risasi zinalia? Huyu aliyetulisha siku kumi na moja tulipozingirwa? Mmoja alituma sauti, mtu mzima wa miaka sabini, analia bila haya. Nikampa binti asikilize. Alisikiliza amesimama, povu la sabuni likimtiririka hadi viwikoni.

"Mto gani?" baba mdogo aliuliza.

Jumamosi walikuja tisini na wanne. Karani alileta karatasi yake ya sahihi tatu. Wakaijaza mbele, wakaijaza nyuma, wakaendelea kwenye bahasha. Bendera ilitoka mkobani bila mjadala. Tuliitandika juu ya jeneza, nikaita "Kushoto!", na yale magoti, Mungu ni mwema, yakatii. Kaburini fundi bomba alipuliza tarumbeta. Noti ya kwanza ilikwaruza, ya pili ikanyooka, na wapita njia wakavua kofia zao.

Bendera ilikunjwa, binti akakabidhiwa, jeneza likateremshwa. Zamu ya kutia udongo ilipofika, nikawapanga kwa vyeo kama inavyotakiwa. Mbele kabisa nilimweka kanali mstaafu, kifua kizima medali. Akaniangalia, akaondoka, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Nikamfuata mbio.

"Afande, nafasi yako ni mbele."

"Sajini, umekosea," alisema kwa sauti ya kambini, makaburi yote yakasikia. "Kwa Ongeza, mgonjwa kwanza, kuruta anafuata, afisa hula mwisho. Siku ya kumi na moja nilifika zamu yangu, sufuria limekauka. Akanipa sahani yake."

Basi foleni ikaanza kujipindua yenyewe. Makapteni walirudi nyuma, askari wa kawaida wakasogea mbele, na mzee mmoja wa magongo akapitishwa wa kwanza kabisa. Mimi, mwalimu wa gwaride, sikutoa amri hata moja. Nililia wazi wazi, sikujificha.

Kanali alitia udongo wake, akakaza mgongo, akampigia saluti askari wa kawaida. Alipogeuka, akakuta kumbe hakuwa wa mwisho. Nyuma yake alisimama baba mdogo, konzi ya udongo mkononi.

"Wewe ulikuwa kikosi gani?" kanali akamuuliza.

"Sikuwa na kikosi, afande. Mimi ni mdogo wake tu." Akamgeukia binti, akapaza sauti. "Kaka yangu ndiye aliyekuwa askari."