Glavu za Mwoka Keki na Sikio la Bwanyenye

Kuna watu wenye kinyaa, halafu kuna mwoka keki mmoja ambaye kinyaa chenyewe kikimwona kilimpisha njia. Mtaani walimwita Bwana Safi, na hawakuwa wakimsifu. Alikuwa mtu wa kufuta kiti kabla ya kukikalia, kisha akakifuta tena akiinuka, kana kwamba hata makalio yake mwenyewe hayaamini. Glasi ya nyumba ya watu haikumgusa mdomo mpaka aiinue kwenye mwanga, aigeuze na kuikagua kama hakimu aliyeletewa kisu cha muuaji. Ila keki zake, tuseme kweli hata kama inatuuma, mwenye wivu alizila na kuomba kipande cha pili.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa paka.

Paka hakuwa wake. Alikuwa wa mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba mwenye ulimi mkali, ambaye nuru ya macho ilikuwa ikimpotea kidogo kidogo, mpaka siku moja akamimina chai pembeni ya kikombe na kuendelea kumimina. Binti yake wa pekee, yaani mke wa Bwana Safi, alimsihi mwaka mzima ahamie kwao. Bibi alikubali kwa sharti moja tu: haji bila Bwanyenye. Na Bwanyenye lilikuwa dume la rangi ya majivu, tumbo likiburura sakafu, lenye kutazama watu kana kwamba wote ni wapangaji wake.

"Mkwe wangu," Bibi alisema siku ile ya kwanza, begi lingali mlangoni, "mimi sina makuu. Huyu ndiye mwenzangu tangu mzee afariki. Mkimtunza yeye, mmenitunza mimi. Akinifia humu ndani kwa uzembe wa mtu, narudi kwangu, hata kama ni kwa kupapasa kuta."

"Hatakufa, mama," alijibu Bwana Safi kwa adabu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye unywele mmoja wa paka uliokwisha kutua kwenye mkono wa shati lake. Aliushika kwa ncha za kucha, akaupeleka nje, akarudi akanawa.

Haikupita miezi mingi, Bwanyenye akaanza kunywa maji kama aliyekula chumvi ya wiki nzima. Na anywaye hukojoa. Beseni lake la mchanga, lililowekwa kwenye ujia wa kuelekea jiko la kuokea, likageuka ziwa. Ule mchanga ukashikamana mabonge mabonge, mazito, yenye kunata, yanayotoa harufu inayoingia puani na kukataa kutoka. Bwana Safi alikuwa akipita pale amebana pumzi, mashavu yamemjaa kama mpiga tarumbeta. Wakati huohuo paka anapukutika. Lile tumbo likabaki ngozi inayoning'inia, ikipepea huku na huku akitembea. Ilikuwa karaha kuitazama.

Wakampeleka kwa daktari wa wanyama, mama mmoja mpole mwenye mikwaruzo mikono yote miwili.

"Ana kisukari," daktari akasema.

"Paka?" Bwana Safi aliruka. "Daktari, mimi ndiye ninayeshinda kwenye sukari kutwa kucha, ugonjwa apate yeye?"

"Haugawiwi kwa foleni, baba."

Ndipo daktari alipomwonyesha kazi. Paka hupimwa sikioni. Unalipasha joto sikio kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, unachoma ukingo wake kwa kisindano, tone la damu likitokeza unaligusisha kwenye kijiti cha kupimia kilichochomekwa kwenye mashine, na namba inatokea. Namba hizo apelekewe yeye kwa simu, naye ataamua dozi ya insulini, dawa ya kushusha sukari, ipande au ishuke.

"Na kabla ya yote, unaosha mikono," akamaliza.

Hapo Bwana Safi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Yeye aambiwe kuosha mikono! Ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea. Moyoni aliamua kwamba kuosha ni kwa watu wa kawaida. Yeye atavaa glavu.

Maana kazi ilikuwa imekwisha kumwangukia yeye. Mke wake hukata tiketi kwenye kituo cha treni, hutoka kabla jua halijachomoza. Bibi haoni hata ukubwa wa sikio, sembuse tone. Mwoka keki ndiye mwenye jiko lake nyuma ya nyumba, anashinda hapohapo.

Siku ya kwanza ya kupima nyumbani, aliingia sebuleni na aproni yake, kofia ya nailoni kichwani, barakoa puani, na glavu mpya alizozichomoa kwenye boksi lake la kazini. Ungedhani anakwenda kupasua moyo wa rais.

"Nani huyo?" Bibi akauliza, Bwanyenye amezungushiwa taulo mapajani mwake.

"Ni mimi, mama."

"Mbona unavuma kama uko ndani ya pipa?"

"Barakoa, mama."

"Bwanyenye, vumilia mwanangu. Mkwe anakuogopa."

Akalikunja sikio. Lilikuwa na joto, jepesi, na lile teketeke la kitu kilicho hai ambacho hutaki kiwe hai mkononi mwako. Ndani kulikuwa na nta nyeusi kama grisi ya baiskeli. Mate yakamjaa kinywani, na hawezi kutema kwa sababu ya barakoa, ikabidi ayameze, na kuyameza kukamzidishia kichefuchefu. Akachoma. Alichojichoma ni kidole chake mwenyewe, kupitia glavu. Akavaa nyingine, akachoma tena. Safari hii tone likatoka, jekundu, zuri, naye alipokuwa akitafuta kijiti, Bwanyenye akatikisa kichwa pwatapwata na damu ikarukia ukutani, kwenye pazia, na vitone viwili kwenye kope za Bwana Safi.

Tuache aliyoyasema. Bibi alikuwepo, na mkwe ni mkwe.

Mara ya nne ndipo mashine ikakubali. Ishirini na tatu.

"Hiyo ni kubwa au ndogo?" Bibi akauliza.

"Ni kubwa sana, mama."

"Pole, Bwanyenye wangu."

Jioni mke wake aliporudi na kusimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe uliyezimia nikijifungua, wauguzi wakaniacha mimi wakakuhudumia wewe, leo unamtoa paka damu?"

"Cheka tu. Namfanyia mama yako."

"Najua, mume wangu," akasema, na kicheko kikakatika. "Bila huyo paka hakai hapa hata siku moja. Na akiwa peke yake kule ataanguka, na hakuna atakayejua."

Basi akaendelea kupima na kumchoma insulini. Mkono ukazoea, lakini moyo ulikataa katakata. Kila asubuhi na kila jioni aliacha meza yake ya keki, akachomoa glavu, akaenda kulikunja lile sikio. Alianza kuota nta. Akiona zabibu kavu kwenye keki, anageuza uso. Na namba hazikushuka: ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na mbili. Daktari akapandisha dozi. Zikabaki hukohuko juu. Daktari akashangaa, akapandisha tena kidogo.

Bwana Safi naye akaanza kuwaza, na kuwaza kwa mtu mwenye kinyaa ni hatari, kwa sababu uchafu hauoni kwake, huuona kwa jirani.

"Mama," akasema siku moja, "humpi paka kitu kitamu kweli? Labda kipande cha keki, kwa huruma?"

Bibi aligeuza uso mahali sauti ilipotokea. "Unanishuku mimi, mkwe?"

"Sikushuku, mama. Nauliza."

"Umeuliza. Umejibiwa." Tangu hapo hakusema naye zaidi ya salamu, na lile begi lake, ambalo lilikuwa juu ya kabati, likashuka likakaa kando ya kitanda.

Mchana mmoja Bwana Safi alikuwa akichunga sukari ya unga kwa ajili ya keki ya harusi, ile sukari laini kama poda, chumba kizima kimekuwa ukungu mweupe. Bibi akaita. Haikuwa sauti yake ya kila siku.

"Mkwe! Njoo! Bwanyenye anaanguka!"

Alichomoa glavu mbili za mwisho, akakimbia. Paka alikuwa katikati ya zulia, miguu ya nyuma ikimwenda kombo kama mlevi aliyetolewa baa. Kichwa kinaning'inia. Utelezi wa mate unamchuruzika kidevuni, mrefu, mnene, ukigusa zulia kila anapopepesuka. Bwana Safi alifumba macho, akamnyanyua, akampima. Ishirini na mbili.

"Sukari imempanda kichwani," akasema. Akavuta insulini kwenye sindano. Lakini akakumbuka daktari alimwonya asiongeze dozi kwa akili zake. Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu mezani.

"Anayumba?" daktari akauliza. "Na mashine inasema ishirini na mbili?"

"Ndiyo. Nimchome?"

"Usimchome! Kuyumba hivyo si kwa sukari kupanda, ni kwa kushuka. Pima tena. Sasa hivi, nasubiri."

Na papo hapo, Bwanyenye akiwa mapajani mwake, akajiachia. Mkojo wa moto, mwingi, ukapita aproni, ukapita suruali, ukajaa ndani ya glavu na kuingia vidoleni. Bwana Safi alitoa mlio ambao majirani walidhani ni kengele ya gari. Akamkabidhi paka kwa Bibi, akazirarua glavu, akaenda kwenye beseni akajisugua kwa sabuni mpaka viwikoni. Akanyoosha mkono kwenye boksi la glavu. Boksi tupu.

Alisimama pale. Angeweza kukimbilia dukani. Angeweza kufunga mfuko wa nailoni mkononi. Kutoka sebuleni alimsikia Bibi akinong'ona, "Usiniache, Bwanyenye, usiniache na watu," na ile 'watu' ilimchoma kuliko kisindano.

Akarudi mikono mitupu. Akalishika lile sikio, ngozi kwa ngozi. Nta ikamwingia chini ya kucha. Akachoma, tone likatoka, akaligusisha.

"Inasema nini?" daktari akauliza.

"Moja nukta tisa." Akaitikisa mashine. "Imeharibika hii. Sasa hivi ilikuwa ishirini na mbili."

"Haijaharibika. Paka ameishiwa sukari, anakufa. Una asali, una chochote kitamu?"

Kumwuliza mwoka keki kama ana kitu kitamu! Alirudi na bakuli zima la shira ya keki.

"Chovya kidole, umpake kwenye fizi. Kidogo kidogo, asipaliwe. Usiogope meno."

Si meno aliyoyaogopa. Alichoogopa ni kile kinywa. Alipokifunua, harufu ilimpiga kama mlango: samaki wa juzi, ndoo ya kupigia deki, na kitu kingine ambacho hakina jina na kisipate. Fizi zilikuwa zimepauka, zinateleza. Ulimi ulikuwa mkavu wenye miiba. Chakula chake cha mchana kilipanda mpaka kooni, akakirudisha. Akachovya, akapaka. Akachovya, akapaka. Machozi yalimtoka, na hakuna ajuaye kama ni ya huruma au ya kutapika.

Hatimaye ule ulimi ukajikunja. Ukalamba kidole. Kisha Bwanyenye akafumbua jicho, akamtambua aliyekuwa mdomoni mwake, akamng'ata.

"Amening'ata!" Bwana Safi akapiga kelele.

"Amekung'ata?" Bibi akalia kwa furaha. "Amekung'ata, mwanangu?"

"Vizuri," daktari akasema kwenye simu. "Mleteni hapa mara moja, leo asipewe insulini kabisa. Ila nieleze, baba. Kipimo cha kwanza na cha pili umefanya nini tofauti?"

"Hakuna. Sikuwa na glavu tu."

"Glavu gani?"

"Za kujikinga. Najikinga na paka."

"Unazitoa wapi?"

"Kwenye boksi, mezani kwangu."

"Mezani kuna nini?"

Bwana Safi aliziinamia zile glavu alizozitupa sakafuni. Zililowa, lakini kwenye vifundo bado kulikuwa na weupe. Boksi lake lilikaa siku zote wazi, kando ya chungio.

"Sukari ya unga," akasema polepole.

Kisha Bibi akasema, bila hasira, kama mtu anayetangaza hali ya hewa: "Kumbe muda wote huo tulikuwa tunapima keki."

Alitaka ardhi immeze. Ardhi ikakataa, pengine kwa jinsi alivyokuwa akinuka. "Mama," akasema, "nilikushuku bure. Nisamehe. Mchafu nilikuwa mimi."

Walipotoka kwa daktari, paka amepata nafuu na dozi imeshushwa, Bibi alikaa kwenye gari akimpapasa Bwanyenye shingoni. "Ningekuwa na macho," akasema, "jana ningeondoka. Nilikwisha kukunja nguo. Lakini mimi nimekaa na huyu paka miaka yote hiyo, na kidole changu sijawahi kukitia mdomoni mwake. Ananuka."

"Ananuka sana, mama."

"Sana. Basi nitakaa. Ila kuanzia leo glavu sitaki."

Sasa ukipita kwenye nyumba ile asubuhi, utamkuta Bwana Safi amesimama mbele ya kiti cha mama mkwe wake, mikono mitupu imenyooshwa kama mtoto wa shule. Macho ya Bibi hayaoni, lakini pua yake ni nzima. Hunusa viganja, hunusa vidole kimoja kimoja, huku Bwanyenye akisubiri kwa dharau ndani ya taulo.

"Bado," Bibi humwambia. "Vanila. Nenda kanawe tena."