Niliwahamisha wazee wa drafti kutoka veranda ya ukumbi, siku moja kabla ya kikao cha kunithibitisha kazini

Wakuu, salamu kwenu nyote, na kwa akina dada wanaosoma kimya kimya bila kuchangia.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, kwa hiyo msinisaidie kujitetea.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mkazi wa mtaa wa Lucky Summer. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa, nilikataa kukaa nyumbani nikihurumiwa. Nilirudi darasani kusomea usimamizi wa michezo na burudani, pamoja na vijana walioniita "mathe", yaani mama, tangu siku ya kwanza.

Kaka yangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo dada, umeenda shule kusomea kucheza? Na ukifeli, unarudia kuruka kamba?"

Kuna watu ambao jibu lao ni barua ya kazi.

Barua hiyo ilikuja. Niliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu kama msimamizi wa ukumbi mmoja wa kijamii kule mtaa wa Jericho. Kwa wasiokijua cheo hiki: ndiye anayepanga nani atumie ukumbi saa ngapi, anayetunza vifaa, anayesajili wachezaji, na anayelaumiwa wavu ukikatika. Majaribio yakiisha, kamati ya wakazi hukaa na kuamua: uthibitishwe au urudishe funguo.

Nilizitaka hizo funguo, wakuu. Sitajifanya.

Jambo la kwanza nililoanzisha, majaribio yakikaribia kuisha, ni badminton ya wasichana, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Ukumbi ule ulikuwa wa wavulana na wa harusi. Walijiandikisha wasichana ishirini na watatu, karibu nusu yao kutoka familia za Kiislamu zenye maduka na vibanda karibu na soko.

Wiki ya kwanza walikuja wote. Wiki ya pili, wale wa familia za Kiislamu hawakuonekana hata mmoja. Jumanne ya wiki ya tatu, vivyo hivyo.

Hapa ndipo nilipokosea.

Mimi ni mtu wa rejista. Stoo ilinifundisha kwamba kisichokuwepo kimepotea, na kilichopotea kina mtu wa kulaumiwa. Nilikuwa nimeweka kanuni: ukikosa mara tatu bila sababu, jina linafutwa. Nikayafuta majina kumi na moja kwa kalamu nyekundu, nikabandika orodha mlangoni chini ya maneno "WALIOKOSA NIDHAMU." Nilidhani ninajenga tabia.

Kesho yake alikuja Mama Zuhura, muuza viazi karai, bado amejifunga aproni. Binti yake Zuhura alikuwa nyuma yake.

"Madam, ni wewe umebandika jina la mtoto wangu mlangoni kama mwizi?"

Nilianza kumweleza kuhusu kanuni. Hakunisikiliza. Alinishika mkono, tena kwa heshima, akanipeleka katikati ya ukumbi.

"Simama hapo. Vua sweta. Sasa ruka, kama unavyowafundisha."

"Mama Zuhura, hebu..."

"Ruka, Madam."

Nilivua sweta, nikaruka.

Wakuu, ukumbi ule una veranda, na madirisha yake ni mapana, ya chini, hayana pazia. Verandani ndipo wazee huchezea drafti kila alasiri kwa vifuniko vya soda. Desturi yao ni kwamba aliyeshindwa huinuka, na aliye na zamu huketi. Wanaosubiri zamu hawana viti. Huegemea madirisha, viwiko ndani.

Niliporuka mara ya pili, sauti ikatoka dirishani: "Madam, ongeza gia!" Wengine wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, naamini. Lakini nilihisi kila kiungo cha mwili wangu kikihesabiwa, nikaivuta sweta yangu kwa haraka ambayo sikuipenda.

Zuhura akasema polepole, "Si ati hatutaki kucheza, Madam. Ni hao mabuda wa dirishani. Ukitoa buibui ukimbie, wanakucheki wakingoja turn."

Mimi mwanamke, mzazi, nimefundishwa usimamizi, nilikuwa nimefunga mlango nikaona nimewapa faragha. Sikuwahi kuyatazama madirisha. Nilitazama rejista.

Niliibandua orodha mbele yao wote wawili, nikaomba msamaha. Mama Zuhura aliupokea kwa kichwa tu. "Msamaha ni sawa. Na Alhamisi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Bingwa wa drafti pale verandani, ambaye haondoki kwenye benchi kwa sababu hashindwi, ni Mzee Makokha. Na Mzee Makokha ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Kikao cha kunithibitisha kilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Rafiki mmoja alinishauri ningoje hadi nithibitishwe, kisha niwahamishe. Ushauri wa busara, ungesema. Lakini ningewaambia nini wale wasichana: kaeni nyumbani hadi kazi yangu iwe salama?

Alhamisi saa tisa na nusu nilitoka nje hadi verandani kwa wazee. Nikawasalimu. Nikawaeleza kwamba siku mbili kwa wiki, kwa saa mbili, drafti ihamie nyuma ya ukumbi, karibu na bomba.

Mzee Makokha hakuinua macho. "Madam, hii veranda tumeketi hapa kabla hujajua Jericho iko wapi."

"Najua, Mzee."

"Na unajua kesho nani anatia sahihi barua yako?"

"Ni wewe, Mzee."

"Na bado unaniambia niinuke?"

"Ndiyo, Mzee. Naomba uinuke."

Nikashika upande mmoja wa benchi la aliyetoka kushindwa, lililokuwa tupu. Mzee mwingine, fundi viatu, akaguna, akashika upande wa pili. "Makokha, twende tu. Na huko kwa bomba usiseme jua ndilo lilikufanya ushindwe."

Walicheka, wakahama. Mwenyekiti alihama wa mwisho, drafti kwapani.

Siku hiyo walikuja wasichana wanne kati ya kumi na mmoja. Zuhura ana mkono wa kushoto ambao sijaona mfano wake.

Ijumaa kikao kikakaa. Mzee Makokha alisema sina heshima kwa wakubwa. Wawili walinitetea, wengine walitazama meza. Uamuzi: sijathibitishwa. Majaribio yameongezwa miezi sita, na veranda irudi kama zamani.

Nilisimama. Nikasema miezi sita naikubali, nitafanya kazi na nitapimwa. Veranda siikubali. Nikaweka funguo za ukumbi mezani, mbele ya mwenyekiti, nikasema anayetaka kuwaambia wasichana wasirudi azichukue akafungue mlango Jumanne.

Nilihesabu moyoni hadi thelathini. Hakuna aliyezigusa. Nikazichukua, nikaaga.

Jumanne veranda ilikuwa tupu, na kati ya wale kumi na mmoja walikuja saba.

Kwa wanaotamani kazi hii: mipira na neti mtajifunza kwa wiki moja. Kigumu ni kukubali kwamba aliyekosekana ana habari nyingi kuliko aliyekuja, na kumfuata umuulize kabla hujamhukumu. Mimi nilihukumu kwanza. Usinifuate katika hilo.

Wanaosimamia kumbi Tassia na kwingineko, nyinyi mnawapangia vipi wasichana wenu? Na wale mtakaosema nilimkosea mzee heshima, karibuni pia. Andikeni hoja, nitazisoma zote.