Risasi Hamsini za Verna

Kule Lycoming, Pennsylvania, ukitaja risasi ya Stroble, watu walijua ni kazi ya wawili. Harlan Stroble, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ndiye aliyeibuni: ganda kubwa alilolibana shingo ili lirushe risasi nyembamba hadi shabaha ya yadi elfu moja. Dukani haikuwako. Lakini aliyezitengeneza kila majira ya baridi, mezani jikoni, miwani puani, ni mkewe Verna. Alikwangua shingo za maganda moja moja na kupima baruti punje kwa punje, huku akimfukuza mumewe: "Ondoka na kahawa yako, utanitikisia mizani."

Maganda yale yakishapigwa mara moja yalijaa na kushika umbo la chemba, tundu la kukalia risasi, ya bunduki ya Harlan. Bunduki nyingine hayakuingia.

Kiangazi cha 1982 risasi zake zikaanza kutawanyika. Akaulaumu mtutu, eti umeliwa na moto wa baruti.

"Mtutu hauna kasoro, mzee," Verna alimwambia. "Nenda kapimwe macho."

"Macho haya yanamwona kulungu ng'ambo ya mto."

"Yule wa juzi alikuwa ng'ombe wa jirani yetu Yoder."

Harlan hakuwa mtu wa kuambiwa, na ubishi wake ule unaudhi hata kuusimulia. Alikwenda kwa Delbert Yost, fundi bunduki, akawekewa mtutu mpya, na hata chuma cha kukatia chemba kikanolewa upya kwa umbo jingine. Mtutu wa zamani aliuchomeka bustanini, mdomo chini, ushikilie nyanya. Verna hakugomba. Aliufunika kopo kwa juu, mtu akiinama asijitoboe jicho. Wala hakumwambia kwamba kabatini kulikuwa na boksi la risasi hamsini, alizokwisha kumtengenezea kwa ajili ya mashindano ya Agosti.

Aprili iliyofuata moyo ulimsimama Verna, akafariki. Harlan alilikuta boksi siku anatafuta sukari, akalia palepale, mkono ungali kabatini. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: kwenda kwenye uwanja wao wa shabaha azipige zile hamsini, basi. Lakini mtutu mpya haukuzipokea. Akaung'oa mtutu bustanini, akaukimbiza kwa Delbert pamoja na kopo lake.

Delbert aliuchungulia kwa tochi, kwanza mdomoni.

"Kutu imepanda hadi katikati. Huu haupigi tena, Harlan, na wa kufanana nao siwezi kukukatia, chuma chake tulishakinoa." Akaondoa kopo, akamulika upande wa chemba. "Lakini moto huanza kula hapa, na mifereji ya kuzungushia risasi hapa bado mikali. Siku ile hukunipa hata nafasi ya kuuchungulia. Nani alikwambia mtutu umechoka?"

Harlan akaliokota kopo, akaenda zake.

Jumatatu daktari wa macho mjini Williamsport alimwambia ana mtoto wa jicho, kwenye jicho lilelile la kulengea, tena si wa jana wala juzi. Akamuuliza kwa nini alikaa muda wote huo bila kufanya lolote.

"Nilibadilisha mtutu," Harlan akasema.